Mpira, Dawa na Damu Inayoganda

Mwaka 1865, akifundisha jijini Paris, daktari Armand Trousseau alieleza kwamba damu inayoganda mshipani bila sababu ya wazi huenda ikawa dalili ya saratani iliyojificha mwilini. Wagonjwa wake walikuwa watu wazima. Watoto hawakutajwa sana kwa takriban karne nzima, na sababu yake inahuzunisha: waliougua saratani ya damu walifariki upesi mno.

Hali ilianza kubadilika mwaka 1948, Sidney Farber wa Boston alipoonyesha kwamba dawa zaweza kuirudisha nyuma saratani hiyo, japo kwa muda. Tiba zilizofuata zilileta vitu viwili vinavyotuhusu. Cha kwanza ni asparajinesi, dawa iliyotokana na majaribio ya John Kidd ya mwaka 1953 kwa majimaji ya damu ya simbilisi. Cha pili ni mpira laini unaopitishwa chini ya ngozi ya kifua hadi mshipa mkubwa ulio karibu na moyo. Ule wa daktari Broviac wa mwaka 1973 ulikuwa wa kulishia wagonjwa; Robert Hickman akauboresha mwaka 1979, na watoto wengi wakaepushwa kudungwa sindano kila mara.

Watoto wakawa wanaishi, na mabonge ya damu yakaanza kuonekana. Kisababishi ni kipi? Wapo walioilaumu saratani yenyewe, kama Trousseau. Nchini Kanada, daktari Maureen Andrew na wenzake walikusanya kumbukumbu za watoto walioganda damu, na mwaka 1994 wakaonyesha kwamba mpira ulijitokeza mno. Wengine waliitazama asparajinesi: inapozinyima seli za saratani chakula, hulikwamisha pia ini lisitengeneze antithrombini, protini inayozuia damu kuganda ovyo. Naona hakuna maelezo yanayojitosheleza peke yake, kwani hatari hukua pale vyote vitatu vinapokutana, yaani katika wiki za mwanzo za tiba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwapima watoto wa namna hiyo kwa picha, wawe na dalili au wasiwe nazo. Zaidi ya theluthi moja walikutwa na damu iliyoganda.

Kuwatibu hakukuwa rahisi. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda iliyoanzia Baltimore mwaka 1916, hufanya kazi kwa kuitegemea antithrombini, yaani protini ileile ambayo asparajinesi huipunguza. Wafarini, dawa ya kumeza, nayo huyumbishwa na chakula, maziwa ya kopo na antibayotiki, na mtoto mwenye saratani hula leo, kesho hutapika au hukataa kabisa. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 madaktari wengi walihamia enoksaparini, sindano ya chini ya ngozi, kwa kawaida mara 2 kwa siku. Hata hiyo husimamishwa kabla ya mtoto kudungwa uti wa mgongo, na dozi hupunguzwa au kuachwa chembe sahani zinaposhuka, maana hapo hofu hugeuka kuwa ya kuvuja damu.

Dawa mpya za kumeza zilifika mwishoni. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha dabigatrani na rivaroksabani kwa watoto. Apiksabani ilijaribiwa kama kinga kwa watoto 512 wenye saratani ya damu au ya limfu. Matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha 12% ya walioipata waliganda damu, dhidi ya 18% ya wasioipata, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuithibitisha. Waliofaidika waziwazi walikuwa watoto wanene.