Fidia

Mpakani mwa Makueni na Kitui, Mto Thwake unapoingia Athi, Bwawa la Thwake limewahamisha watu, na neno fidia limekuwa midomoni mwao. Katika Kiarabu, lilikotoka, ni malipo ya kumkomboa mateka. Waislamu huiita hivyo pia lishe ya maskini badala ya saumu isiyowezekana. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 40, yataka fidia ya haki, kamili, bila kuchelewa. Kanuni za kukadiria fidia ya ardhi za 2017 ziliongeza asilimia 15 ya thamani ya soko kwa usumbufu. Tusiiite kamwe kifuta jasho! Hicho ni hisani. Aliyeachia shamba, miembe na makaburi ya wazazi anadai chake, ikibidi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.