Kabla ya Kuchomeka Betri: Helikopta za Rimoti Zilivyowatoa Watu Jasho

Leo tuwaache mastaa wapumzike. Mmeziona zile video za helikopta za rimoti zinazopinduka kichwa chini angani? Jamaa anachomeka betri, anarudi nyuma, dude linapaa. Basi wazee walioanza huu mchezo walikuwa wanatoka jasho hata kabla halijaacha chini.

Turudi Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1960. Dieter Schlüter alihangaika na helikopta yake hadi mwaka 1970 akaweka nayo rekodi za dunia. Huyo anajulikana. Mimi nawazungumzia wale mafundi wa wikiendi wasio na jina, waliopiga magoti kwenye nyasi na kidude hakiwaki.

Shida ilikuwa hivi. Kindege cha kawaida unapiga pangaboi kwa kidole, injini inashika. Helikopta huwezi, maana kati ya injini na mapanga kuna klachi. Zungusha mapanga mpaka kesho, injini imelala tu. Tena imefichwa ndani ya bodi. Ikabidi wapitishe mkanda kwenye puli karibu na feni ya kupoozea, halafu wauzungushe kwa stata ya umeme ya volti 12. Mkono mmoja una stata, mwingine umekamata kichwa cha mapanga. Na plagi nayo inataka volti 1.5 ipate moto wa kuwasha mafuta ya methanoli. Mikono mitatu hiyo jamani!

Kwa nini ukamate kichwa? Ukisahau mafuta yako juu kwenye rimoti, injini ikishika tu na klachi inakamata, mapanga yanataka kuzunguka hapo hapo wewe umeinama. Ukiachia umeumia.

Baadaye mkanda ukaanza kupotea. Ikaja fimbo ndefu ya chuma yenye ncha ya pembe sita, inafungwa kwenye stata. Unaichomeka kutokea juu, unabonyeza, injini inashika, unachomoa. Kuna beringi ya upande mmoja, kwa hiyo injini ikikimbia kuliko stata haing'ang'anii fimbo. Mimi naona hii ndiyo akili kubwa kuliko zote. Ila kama silinda imejaa mafuta ukalazimisha, unapinda vyuma vya ndani.

Wengine wakaamua kufunga injini za petroli za sisi 23, ndugu za zile za mashine za kukatia majani. Hapo unavuta kamba tu kama jenereta, plagi inapiga cheche yenyewe. Nzito kidogo, lakini hubebi stata wala betri yake.

Halafu miaka ya 2000 zikaja mota za umeme na betri za lithiamu, mchezo ukageuka. Hakuna kuwasha tena. Lakini ona hili: injini ya mafuta unaisikia imewaka, mota iko kimya, ukishachomeka betri iko tayari kuzunguka. Na mapanga ni yale yale. Septemba 2013, kijana wa miaka 19 alikuwa anarusha helikopta yake kwenye bustani moja ya Brooklyn, New York, ikampiga kichwani. Alifia pale pale.

Kama una mjomba au jirani aliyewahi kuchezea hizi za mafuta, mtupe kwenye komenti. Nataka kujua vidole vyake viko vingapi.