Sonona na wasiwasi kwa mfanyakazi mwenye ugonjwa wa kudumu

Kuishi na kisukari, pumu, selimundu au VVU huku ukienda kazini kila siku kunachosha mwili na moyo. Watu wenye kisukari, kwa mfano, hupata sonona mara 2 hadi 3 zaidi ya wasio na ugonjwa huo. Sonona isipotibiwa, mgonjwa huruka dawa, hukosa kliniki na ugonjwa wake huzidi.

Kwa nini haigunduliki mapema?
Uchovu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula vinaweza kuletwa na ugonjwa wenyewe, dawa au zamu za usiku. Ndiyo maana watu husema, "Ni sukari tu." Angalia zaidi dalili hizi mbili: huzuni au kukata tamaa karibu kila siku, na kutofurahia tena mambo uliyoyapenda.

Uchunguzi unafanywaje?
Mhudumu wa afya hutumia dodoso fupi. PHQ-9 ina maswali 9 kuhusu sonona, na GAD-7 ina maswali 7 kuhusu wasiwasi. Yote huuliza hali yako ya wiki 2 zilizopita. Kila jibu lina alama, kuanzia 0 (hapana kabisa) hadi 3 (karibu kila siku).

Jumla ya 10 au zaidi haimaanishi tayari una ugonjwa. Inamaanisha unahitaji kuzungumza zaidi na mtaalamu, ambaye pia ataangalia sababu nyingine kama upungufu wa damu.

Swali la 9 la PHQ-9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukijibu lolote zaidi ya 0, mhudumu azungumze nawe siku hiyo hiyo, hata kama jumla ni ndogo.

Je, mwajiri atajua?
Wengi huficha ukweli kwa kuogopa kupoteza kazi. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kabla ya kujibu, uliza nani ataona majibu yako, hasa kama uchunguzi unafanyika kazini.

Unachoweza kufanya
- Ukienda kliniki, sema: "Naomba nipimwe pia sonona na wasiwasi."
- Jibu kama ulivyo, si kama unavyotaka uonekane.
- Usiache dawa za ugonjwa wako. Kama unanyonyesha au ni mjamzito, mwambie mhudumu kabla ya kupewa dawa mpya.
- Kama unamtunza mgonjwa, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali mara moja.
- Mlezi naye huchoka. Omba maswali hayo hayo kwa ajili yako.

Sonona na wasiwasi hutibika kwa ushauri nasaha, dawa, au vyote viwili.