Mwanafunzi au kibarua: mvutano wa wodini tangu 1860

Kijana wa Tanzania aliyemaliza kidato cha nne na anayetaka kusomea stashahada ya uuguzi na ukunga huulizwa kwanza matokeo yake. Awe amefaulu masomo yasiyopungua manne, ya dini hayahesabiwi, na katika hayo yawemo Biolojia, Kemia na Fizikia. Akiwa na Hisabati na Kiingereza, anajiongezea nafasi. Akichaguliwa, ana miaka mitatu mbele yake, na sehemu kubwa ya miaka hiyo hataimalizia darasani. Ataimalizia wodini, amevaa sare, na kitabu chake cha kumbukumbu za vitendo kikisubiri saini.

Mwanamke aliyeomba nafasi ya namna hiyo London mwaka 1860 hakuulizwa Kemia. Aliulizwa umri, na ulitakiwa uwe kati ya miaka 25 na 35. Aliulizwa afya. Zaidi ya yote aliulizwa mwenendo, na ilibidi awepo mtu wa kumshuhudia kwa maandishi kwamba ni mwaminifu, si mlevi, na anajua kutunza muda. Toka fomu ile hadi hii ni safari ndefu, na njiani kuna swali ambalo kila kizazi cha wauguzi kimelikuta likiwa bado bichi: mwanafunzi akipelekwa kando ya kitanda cha mgonjwa, amepelekwa kujifunza, au kufanya kazi ambayo hospitali haikuajiri mtu wa kuifanya?

Shule hiyo ya London ilizaliwa na mchango. Mwaka 1854 Florence Nightingale aliondoka Uingereza na wanawake 38 kwenda Scutari, ng'ambo ya pili ya Istanbul, kuwahudumia askari wa Kiingereza waliokuwa wakifa kwa majeraha, na wengi zaidi kwa maradhi, katika Vita vya Crimea. Sifa zake zilipoenea nyumbani, watu walichanga zaidi ya pauni 40,000. Fedha hizo ndizo zilizofungua shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas's mwaka 1860, ikiwa na wanagenzi 15. Nightingale mwenyewe hakuwafundisha. Alikuwa mgonjwa, miaka mingi akishinda ndani, na shule aliiongoza kwa barua. Aliyekuwa nao kila siku ni metroni wa hospitali, Sarah Wardroper.

Kila mwanagenzi alipewa chumba, chakula, sare na pauni 10 kwa mwaka mzima. Mafunzo yalikuwa ya mwaka mmoja, na baada ya hapo alitarajiwa kwenda kufanya kazi katika hospitali atakayopangiwa.

Orodha ya mambo aliyotakiwa kuyajua bado inasomeka vizuri. Kusafisha na kufunga vidonda na mahali palipoungua. Kubandika ruba. Kumwosha mgonjwa asiyejiweza, kumgeuza, kumlisha, kumkinga na vidonda vinavyoletwa na kulala muda mrefu. Kubadili shuka mgonjwa akiwa bado kitandani. Kupika uji wa mgonjwa. Kuhakikisha hewa safi inaingia wodini usiku na mchana. Kisha lile ambalo Nightingale hakuchoka kulisisitiza: kumtazama mgonjwa na kujua unachokiona. Mapigo ya moyo, pumzi, ngozi, usingizi, hamu ya kula, makohozi, kuweweseka, na namna dawa ilivyomkubali au kumkataa. Ruba zimekwenda zao. Hayo mengine mwanafunzi wa Dodoma au wa Kisumu anayafanya asubuhi ya leo, na mwalimu makini bado atamwambia aweke mkono kwenye paji la mgonjwa kabla ya kuchukua kipimajoto.

Kila mwezi metroni Wardroper alijaza karatasi ya kila mwanagenzi. Upande mmoja uliandikwa tabia: kutunza muda, utulivu, uaminifu, unadhifu. Upande mwingine uliandikwa kazi, moja baada ya nyingine, na mbele ya kila kazi alama, kuanzia bora kabisa hadi sifuri. Aliyewahi kujaziwa fomu ya tathmini ya vitendo atalitambua umbo lake mara moja. Sisi tumeongeza safu nyingi, lakini mzizi ni ule ule: anayefundisha asimame karibu, aone kwa macho yake, ndipo aandike.

Hapo penye kusimama karibu ndipo shule ilipoyumba. Pauni 10 za mwanagenzi na gharama za kumlisha zililipwa na mfuko wa Nightingale. Hospitali ikawa imepata mikono isiyolipiwa, na ikaitumia. Miaka kumi na kidogo baadaye, Nightingale alipoanza kuchunguza mambo kwa undani, aligundua kwamba wanagenzi walikuwa wakifanyishwa kazi za wodi kutwa huku wakifundishwa kidogo mno, na daktari aliyelipwa kuwapa mihadhara alikuwa ameitelekeza. Mwaka 1872 daktari huyo aliondoka, akaletwa mwingine, na akawekwa sista wa kuishi na wanafunzi na kuwasimamia masomo yao. Kwa maoni yangu, sura hii ndogo ina uzito kuliko ile taa maarufu ambayo Nightingale anakumbukwa nayo akizungukia wagonjwa usiku huko Scutari. Mwanzilishi mwenyewe aligundua mapema kwamba shule inaweza kufa ndani ya hospitali bila mtu kutangaza msiba, kwa sababu kazi za siku zinakwisha na wagonjwa wanahudumiwa, na hakuna anayelalamika isipokuwa mwanafunzi ambaye hana sauti.

Mfumo huo wa kulipia elimu kwa jasho ulivuka bahari. Huko Boston, Marekani, hospitali ya New England iliyoendeshwa na wanawake ilimpokea mwaka 1878 Mary Eliza Mahoney. Alikuwa na umri wa miaka 33, na kwa miaka mingi alikuwa amefanya kazi hapo hapo akipika, akifua na kudeki. Mafunzo yalikuwa ya miezi 16, zamu za kutwa hadi usiku. Walioingia walikuwa 42; waliofika mwisho mwaka 1879 walikuwa wanne. Mahoney alikuwa mmoja wao, Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu kama muuguzi. Hao 38 walioishia njiani hawana kumbukumbu inayowataja, na siamini kwamba wote hawakufaa.

Jibu la kwanza la maana lilitoka Glasgow. Rebecca Strong, ambaye naye alipita kwa Wardroper, alikuwa metroni wa hospitali kuu ya mji huo. Mwaka 1893, akishirikiana na daktari mpasuaji William Macewen, alianzisha mafunzo ya awali: mwanafunzi asome kwanza maumbile ya mwili, namna mwili unavyofanya kazi na misingi ya usafi, afanye mtihani, ndipo aingie wodini. Leo hilo halimshangazi mtu. Mwanafunzi huanza na darasa na chumba cha mazoezi, amechoma sindano kwenye mdoli na kumwogesha mdoli kabla ya kumgusa binadamu. Kabla ya Strong, mgonjwa ndiye aliyekuwa mdoli.

Ugomvi mwingine, ulioanza hata kabla ya hapo, ulihusu mtihani wenyewe. Ethel Bedford Fenwick, aliyekuwa metroni London, alitaka wauguzi wasajiliwe na serikali baada ya kufanya mtihani mmoja wa nchi nzima. Nightingale alipinga kwa nguvu zake zote, akiamini kwamba karatasi haiwezi kupima upole wala uaminifu. Mvutano ulianza mwaka 1887 na haukwisha hadi sheria ya usajili ilipopitishwa Uingereza mwaka 1919. Jina la kwanza katika daftari lilikuwa la Fenwick. Kila mmoja alikuwa ameshika ukweli wake. Mtihani humlinda mgonjwa dhidi ya asiyejua. Haumlindi dhidi ya anayejua lakini hajali.

Afrika Mashariki ilipokea kazi hii kwa njia zake. Katika zahanati na hospitali za kikoloni, msaidizi wa kwanza Mwafrika mara nyingi alikuwa mwanamume. Dresa, kama alivyoitwa, alifundishwa kwa kutazama na kutenda: kuosha vidonda, kufunga bendeji, kugawa kwinini. Wasichana waliokuwa wamepelekwa shule walikuwa wachache, na wazazi wengi hawakukubali binti yao ashike miili ya wanaume asiowajua.

Mlango wa wanawake ulifunguliwa kupitia ukunga. Katharine Timpson, muuguzi kutoka London, alifika Mengo, Uganda, mwaka 1897 katika msafara uliotembea kwa miguu kutoka pwani, maana reli ilikuwa ndiyo kwanza inajengwa. Mwaka huo huo daktari Albert Cook alifungua hospitali ya Mengo. Wakaoana mwaka 1900. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walianzisha shule ya wakunga iliyopewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana. Waliowapokea ni wasichana waliotoka shule za misheni, na barua ya mwenendo iliyotakiwa London ikarudi kwa sura nyingine: wakati huu anayeshuhudia ni kanisa. Cook na mkewe waliandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Waliohitimu walipelekwa vituo vya uzazi vijijini, mbali na daktari, wakiwa peke yao na ujuzi wao. Msichana wa umri wao aliyeamua peke yake, usiku, kama mama huyu asubiri au abebwe apelekwe hospitali, alikuwa amebeba dhamana ambayo mwanagenzi wa St Thomas's hakuwahi kukabidhiwa.

Sheria zilikuja baadaye. Kenya ilipata sheria ya kusajili wauguzi na wakunga mwaka 1949, Tanganyika mwaka 1952. Dar es Salaam ikafungua hospitali ya Princess Margaret mwaka 1956, hiyo ambayo baada ya uhuru tuliizoea kwa jina la Muhimbili, na shule yake ya wauguzi ikawa ndoto ya wasichana wa sekondari nchi nzima. Wazee bado wanakumbuka daraja A na daraja B: A kwa wenye elimu ya sekondari, B kwa waliotoka madarasa ya chini, ambao wengi walifundishwa hospitali za misheni. Daraja B ndio waliobeba wilaya. Nimewasikia wakitajwa kama nusu-wauguzi, na ni dhuluma. Watoto wengi wa kizazi changu walipokewa na mikono yao.

Wengine walivuka kwenda kusoma Uingereza. Mnigeria Kofoworola Abeni Pratt aliingia shule ya Nightingale mwaka 1946, mwanamke mweusi wa kwanza kusoma hapo, na mwaka 1964 akawa metroni wa kwanza Mnigeria wa hospitali ya chuo kikuu Ibadan. Mwaka 1981 Mkenya Eunice Muringo Kiereini alichaguliwa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Lile swali la kibarua nalo liliendelea kutafuta jibu. Ripoti ya Josephine Goldmark iliyotoka Marekani mwaka 1923 ilieleza bila kuficha jinsi hospitali zilivyokuwa zikiendeshwa kwa nguvu za wanafunzi, na mwaka huo huo chuo kikuu cha Yale kikafungua shule ya uuguzi iliyoweka masomo mbele ya zamu. Uingereza ilingoja hadi mwaka 1989 kuanza mpango uliomtoa mwanafunzi kwenye hesabu ya watumishi wa zamu: awepo wodini, lakini wodi isimtegemee.

Kwetu Tanzania, mafunzo ya vitendo yamepangwa vizuri kwenye karatasi. Mwanafunzi anazungushwa: wodi ya wanaume, ya wanawake, ya watoto, chumba cha upasuaji, leba, kliniki ya mama na mtoto, magonjwa ya akili, kisha afya ya jamii kijijini. Anapima joto, mapigo, pumzi na shinikizo la damu. Anaweka dripu, anapokea na kukabidhi zamu, anamzalisha mama akiwa chini ya macho ya mkunga. Kila tendo lina mstari wake kwenye kitabu na kila mstari unadai saini. Akihitimu, anakabiliana na mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2010.

Tatizo ni saini hiyo. Vyuo vimeongezeka, vitanda havikuongezeka kwa kasi hiyo. Leba yenye mama mmoja anayejifungua inaweza kuzungukwa na wanafunzi wa vyuo vitatu, kila mmoja akihitaji mstari wake ujazwe, na mama yule hana pa kuficha uso. Katika wodi nyingine hali ni kinyume: muuguzi mmoja, wagonjwa wengi, na mwanafunzi wa mwaka wa pili ndiye anayezungusha dawa peke yake usiku. Saini zinakuja mwishoni mwa juma, zote kwa mpigo, kutoka kwa mtu ambaye hakuona. Wardroper na ukali wake wote angekataa.

Dirisha la maombi linapofunguliwa, wazazi huuliza ada, na wana haki. Lakini muombaji na aulize pia chuo kinapeleka wanafunzi wake hospitali gani, wanaingia wangapi kwa zamu moja, na mwalimu wa vitendo anakaa nao wodini saa ngapi kwa siku. Chuo chenye majibu kitayatoa hapo hapo dirishani.