Injini zilizolinda Kilindini: Jinsi mitambo ya ndege za vita inavyofufuliwa bila kurushwa angani

ANAYESIMAMA leo Kipevu, katika eneo la Changamwe, huona mitambo ya kuzalisha umeme na kreni za makontena. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, maji hayo hayo yalikuwa uwanja wa ndege. Ndege aina ya Catalina, ambazo hutua na kupaa majini, zilitoka hapo kwenda kusaka nyambizi za adui katika Bahari Hindi.

Hatari yenyewe haikuwa ya kubuni. Baada ya Japani kushambulia Colombo na Trincomalee mnamo Aprili 1942, kikosi cha mashariki cha jeshi la wanamaji la Uingereza kilihamishia makao yake Kilindini. Mnamo Februari 12, 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imeng'oa nanga Kilindini kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani. Watu 1,297 walikufa, wakiwemo mamia ya wanajeshi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki.

Kikosi cha 209 cha jeshi la anga la Uingereza kilikuwa na makao yake Kipevu, na kikosi cha 259 kiliundwa upya hapo Februari 1943. Mnamo Agosti 20 mwaka huo, Catalina ya kikosi hicho cha 259 na nyingine ya kikosi cha 265 zilizamisha nyambizi ya Ujerumani, U-197, kusini mwa Madagascar.

Kila Catalina ilisukumwa na injini mbili za Pratt & Whitney Twin Wasp. Injini hiyo ina silinda 14 zilizopangwa kwa duara katika safu mbili, ujazo wa lita 30 na nguvu ya farasi wapatao 1,200.

Karibu na hapo, katika uwanja wa Port Reitz ambao sasa ni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, zilitua ndege za manowari kama vile Illustrious na Formidable. Miongoni mwazo zilikuwa Swordfish, zenye injini ya Bristol Pegasus, na Albacore, zenye injini ya Bristol Taurus.

Vita vilipokwisha, mitambo hiyo ilipoteza thamani kwa ghafla. Ndege nyingi ambazo Marekani iliikopesha Uingereza ziliharibiwa au kutoswa baharini, kwa kuwa masharti ya mkopo yalitaka zirejeshwe au ziangamizwe.

Hata hivyo, injini hizo hazikupata hatima moja. Twin Wasp zilitengenezwa zaidi ya 170,000, na ndizo zilizoendesha pia ndege za Dakota, zilizotumiwa na shirika la East African Airways kwa miaka mingi baada ya vita. Vipuri vyake bado hupatikana. Taurus, kwa upande wake, ni adimu mno. Albacore iliyohifadhiwa ni moja tu, nayo imo katika jumba la makumbusho la Yeovilton, Uingereza.

Mwenye injini ya aina hiyo ana njia tatu: kuiacha kimya katika jumba la makumbusho, kuirejesha angani, au kuifufua ingurume ikiwa ardhini. Njia ya tatu ndiyo iliyo ndani ya uwezo wa wengi. Injini isiyoruka haihitaji cheti cha kuruhusiwa kuruka, na kipuri kilicholika kidogo, ambacho kingekataliwa katika ndege, huweza kutumika. Mfano mashuhuri ni Lancaster iitwayo Just Jane, huko East Kirkby, Uingereza. Injini zake nne za Merlin huwashwa mbele ya watazamaji ilhali ndege yenyewe hairuki.

Kazi huanza kwa kuitazama injini, wala si kwa kuiwasha. Fundi hupitisha kamera nyembamba kwenye tundu za plagi kukagua kuta za silinda. Sehemu za chuma cha pua na chuma kigumu huoshwa. Zile zinazoshika sumaku hutiwa sumaku na kunyunyiziwa unga laini wa chuma, ambao hujikusanya penye ufa usioonekana kwa macho. Mipira ya kabureta, iliyokauka kwa miaka, hubadilishwa yote. Magneto, zinazotoa cheche, hufungwa nyaya upya.

Injini iliyolala baharini huwa na kisa kingine. Chumvi hula aloi za magnesiamu na alumini hadi zikawa kama unga, na aghalabu mtambo kama huo hubaki kuwa wa kutazamwa tu.

Hatari kubwa kwa injini ya duara ni oili. Inapokaa bila kutumika, oili huchuruzika na kujaa katika silinda za chini. Oili haishindiliki kama hewa. Anayebonyeza stata bila kujali hupinda konrodi, na pengine injini itawaka vizuri siku hiyo, kisha ivunjike siku nyingine. Kwa sababu hiyo, plagi za chini hutolewa kwanza, oili ikamwagika, na rafadha ikazungushwa polepole kwa mkono. Kuirudisha nyuma ni kosa, kwani huisukuma oili kwenye mabomba ya kuingizia hewa, ikisubiri kurudi.

Kisha injini hufungwa kwenye fremu nzito iliyokazwa ardhini, pamoja na tangi la oili, betri, saa za vipimo na mitungi ya kuzimia moto. Oili husukumwa ndani kabla ya kuwasha. Ikiwa saa ya mgandamizo wake haijapanda katika muda wa sekunde 30 baada ya injini kuwaka, injini huzimwa mara moja.

Wapo wahifadhi wanaopinga jambo hili, nao wana hoja. Kila mngurumo hula chuma kisichoweza kupatikana tena, na kila kipuri kipya hupunguza uhalisi wa mtambo. Kwa Twin Wasp hasara hiyo yavumilika. Kwa Taurus, busara ni kuiacha ipumzike.

Kwetu Pwani, swali hutangulia hapo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa vitu vya kale vile vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Injini ya mwaka 1942 hailindwi hadi waziri aitangaze kuwa kitu cha kuhifadhiwa. Hadi hapo, mbele ya sheria hiyo, ni chuma kama chuma kingine.

Basi atakayekutana na kipande cha injini ya zamani Changamwe, Likoni au Kisauni asikizungushe, asikigonge wala kukipima kwa kilo. Akipige picha, anakili nambari zilizo kwenye kibati chake, kisha awaarifu maafisa wa makumbusho walio Fort Jesus. Nambari hizo huweza kutambulisha injini na hata ndege iliyoibeba. Kibati kikishayeyushwa pamoja na chuma kingine, hakuna fundi awezaye kukifufua.