Nani Acheze na Nani: Michezo ya Sekondari Arusha

Hazina ya Arusha katika riadha ilitoka Mbulu, Hanang na Karatu, nchi ya kina John Stephen Akhwari, Gidamis Shahanga na Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulipoundwa, Mbulu na Hanang zikaenda huko, Karatu ikabaki. Wanafunzi wa huko wenye mbio wakawa wapinzani wa Arusha kwenye UMISSETA, mashindano ya taifa ya shule za sekondari, bila hata mmoja wao kuhama shule.

Siku zote makundi ya michezo ya shule nchini yamefuata mipaka ya utawala. Shule hukutana wilayani, wanaong'ara huchaguliwa kuunda kombaini ya wilaya, kisha ya mkoa, halafu safari ya fainali za taifa, iwe Kibaha, Mwanza au Mtwara. Arumeru ilipogawanywa kuwa halmashauri za Arusha na Meru, kombaini nazo zikawa mbili. Uwezo wa shule haukuwahi kuwa kigezo.

Zamani kasoro hiyo haikuumiza sana. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule nyingi za misheni chini ya serikali, Ilboru ya Walutheri ikiwamo, na hali zao zikakaribiana. Pengo lilikuja baadaye, shule za makanisa na za watu binafsi zilipoongezeka kuuzunguka Mlima Meru.

Kisha likaja pigo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu, serikali ilisimamisha mashindano ya shule, hadi yaliporudishwa chini ya Awamu ya Nne. Naamini shule za serikali ndizo zilizoumia zaidi. Shule ya bweni inayotoza ada iliweza kuendelea na kocha wake na bonanza zake. Ya serikali ilibaki na magoli yasiyo na nyavu. Shule za kata zilipojengwa kwa kasi katikati ya muongo huo, madarasa ndiyo yaliyotangulia, viwanja vingesubiri. Baada ya Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 kufuta ada na michango, mwalimu wa michezo akakosa hata pa kuomba fedha za jezi.

Leo timu ya shule ya kata yenye wachezaji peku, mistari ya uwanja ikiwa imechorwa kwa majivu, hupangwa na shule yenye nyasi, njumu na mwalimu wa viungo. Mabao saba kwa bila si kipimo cha kipaji.

Kinachokaguliwa kwa ukali ni mamluki. Fomu yenye picha hulinganishwa na sura, umri huulizwa, pingamizi huwekwa kabla ya filimbi. Ni kazi ya lazima, lakini humkamata mchezaji asiye mwanafunzi tu. Shule inayosajili vipaji kwa ufadhili halali haiguswi, wala sioni sababu ya kuiadhibu. Wasichana wa Fountain Gate ya Dodoma, shule binafsi, walitwaa ubingwa wa Afrika wa soka la shule huko Durban mwaka 2023, na nchi nzima ikajivunia.

Kuzitenga shule binafsi, basi, si dawa. Mchezaji wa shule ya kata atakosa uwanja mzuri na mpinzani wa kumkomaza. Huko Illinois, Marekani, tangu mwaka 2005 idadi ya wanafunzi wa shule zisizofungwa na mipaka ya eneo la usajili, zikiwamo za binafsi, kwa kawaida huzidishwa kwa 1.65 kabla ya shule kupangiwa daraja, hivyo shule ndogo inayochagua wanafunzi hucheza na kubwa. Arusha haihitaji hesabu hiyo hiyo. Inatosha afisa michezo kuchukua matokeo ya miaka mitatu, idadi ya wanafunzi na kama shule ina bweni, akapanga madaraja mawili au matatu, yenye kupanda na kushuka, kombaini ikabaki wazi kwa wote.

Jiji hili lilipokea michezo ya shule za Afrika Mashariki, FEASSSA, mwaka 2019 na tena 2022. Waamuzi linao, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid upo. Ratiba ya wilaya inaweza kuandikwa upya kabla ya msimu ujao.