Kamenge, Northern Quarters: filamu ya mtangazaji aliyetaka urais wa Burundi

Kamenge ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura. Uliumia vibaya kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa. Filamu hii ya 2010 ya Manu Gerosa na Salva Muñoz imebeba jina la mtaa huo, na mhusika wake mkuu ni Alexis Sinduhije, mtu wa redio aliyeingia kwenye siasa.

Kwa wasiomjua: Sinduhije alianzisha Radio Publique Africaine (RPA) mwaka 2001, miezi michache tu baada ya Mkataba wa Amani kusainiwa hapa kwetu Arusha. Risasi zilikuwa bado zinalia. Yeye ni Mtutsi, lakini aliajiri Wahutu na Watutsi pamoja, wakiwemo waliowahi kushika bunduki pande zote mbili. Leo unaweza kuona kawaida, ila kwa Bujumbura ya wakati ule haikuwa mchezo.

Mwishoni mwa 2007 akaacha redio, akaanzisha chama cha MSD. Novemba 2008 akakamatwa kwa madai ya kumtusi Rais Pierre Nkurunziza, akasota rumande mpaka mahakama ilipomwachia huru Machi 2009. Uchaguzi wa 2010 nao? Wapinzani walilalamika kuibiwa kura za serikali za mitaa, wakajitoa. Nkurunziza akabaki mgombea pekee.

Ukiuliza mimi, redio ndiyo iliyowatia watawala tumbo joto kuliko chama. Tazama 2015. Januari, mkurugenzi wa RPA Bob Rugurika aliwekwa ndani baada ya kurusha ripoti kuhusu mauaji ya watawa watatu wa Kiitaliano, waliouawa hukohuko Kamenge Septemba 2014. Alipotoka Februari kwa dhamana, umati ulijaa barabarani kumpokea. Mei, jaribio la mapinduzi liliposhindwa, studio za RPA zikachomwa moto.

Sinduhije mwenyewe Desemba mwaka huohuo aliwekewa vikwazo na Marekani, akituhumiwa kuunga mkono uasi wa silaha. Viliondolewa 2021.

Watangazaji wengi walikimbilia Rwanda. Kutoka huko wakaendelea kurekodi habari za nyumbani, na Warundi wakawa wanatumiana sauti hizo kwa WhatsApp.